Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kutumia Maneno ya Kichina Yanayohusu Kukauka

Kabla ya yote, nyoosha toni zako. Herufi 干 ikisomwa gān, kwa toni ya kwanza, maana yake ni kavu. Ikisomwa gàn, kwa toni ya nne, ni kufanya, na mitaani ni tusi ambalo sitalifafanua hapa. Mwandiko uliorahisishwa wa China bara uliziunganisha herufi za zamani 乾 na 幹 katika hii moja, ndiyo maana programu za tafsiri zimewahi kuzipa mboga zilizokaushwa majina ya aibu kwenye orodha za vyakula. Usiiachie simu kazi hiyo.

Pili, tazama herufi imebeba nini ubavuni. 枯 (kū) ina mti, kwa kuwa asili yake ni kunyauka; 涸 (hé) ina maji, nayo ni ya mto au kisima kilichokauka; 燥 (zào) ina moto, nayo ni ya hewa, koo na ngozi.

Tatu, tenganisha vitenzi. Kuanika juani ni 晒 (shài), kuanika penye upepo ni 晾 (liàng), na kukausha kwa joto la moto ni 烘 (hōng). Aliyewahi kuanika dagaa hahitaji kuelezwa kwamba hayo si mamoja.

Nne, na hapa naomba usome polepole: usitumie nahau ya herufi nne kabla hujajua huambiwa nani. Nikiwa mwaka wa pili wa masomo ya lugha nchini China, mwalimu wetu mzee alikuwa anastaafu, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika kadi ya darasa. Nilikuwa nimekutana na 油尽灯枯 (yóu jìn dēng kū), yaani mafuta yamekwisha na taa imekauka, na kwa kuwa Wachina wenyewe humfananisha mwalimu na mshumaa unaoteketea ili wengine waone, nilijiona nimepata sifa isiyo na kifani. Mzee alipandisha miwani kwenye paji la uso, akaisogeza kadi karibu na macho, akasoma, kisha akaniuliza kwa upole, “Umeona nimebakiza siku ngapi?” Nahau ile husemwa juu ya mtu aliyechakaa kabisa, anayekata roho. Wenzangu waliojua zaidi walikuwa wameinamia madaftari. Mzee akachukua kalamu nyekundu, akaifuta, akaandika pembeni 尽心竭力 (jìn xīn jié lì), kuutoa moyo wote na nguvu zote. Hiyo 竭 nayo ni ya kukauka na kuisha. Ila humsifu mtu kwa alichokitoa, haimtangazii kifo. Kadi akaichukua hivyo hivyo, na wino wake mwekundu.

Tangu hapo sihifadhi nahau bila kisa chake. 涸辙之鲋 (hé zhé zhī fù), samaki aliyekwama kwenye mkondo mkavu wa gurudumu, inatokana na Zhuangzi, mwanafalsafa wa kale wa China, aliyekwenda kuazima nafaka akaahidiwa dhahabu ya baadaye. Naye akajibu kwa hadithi ya samaki aliyeomba maji kidogo, akaahidiwa kuletewa mto mzima, akasema basi mkanitafute kwa wauza ng'onda. Ukikijua kisa hicho, hutaitumia kwa mtu aliyeishiwa vocha tu.

海枯石烂 (hǎi kū shí làn), hadi bahari ikauke na mawe yaoze, ni kiapo cha wapendanao. Usiipeleke kwenye barua ya biashara. 干杯 (gānbēi) ni kukausha kikombe, na ukiitikia mezani utatazamwa kama kweli umekikausha. 干妈 (gānmā) si mama mkavu bali mama wa hiari, ila 干爹 (gāndiē), baba wa hiari, siku hizi huchekewa kama mzee mwenye fedha anayemtunza msichana, kwa hiyo uliza kwanza kabla hujamwita hivyo mzee wa watu mbele ya mkewe.