Kabla hujatoa pesa kwa raba ya kaboni

Meza yangu ya ufundi wa viatu iko Mlandege, mjini Zanzibar. Zamani nikiletewa makubadhi na viatu vya skuli, basi. Siku hizi haipiti wiki bila mtu kuniwekea mezani raba nene, rangi yake inaonekana toka ng'ambo ya barabara, akaniuliza: "Fundi, hii nzima?" Nyingine zimeokotwa mtumba Darajani, nyingine zimekuja na boti kutoka Dar, nyingine ameziacha mgeni wa hoteli. Na tangu mkimbiaji wetu Alphonce Simbu achukue dhahabu ya dunia ya marathon kule Tokyo, Septemba 2025, kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde, wanaouliza wamezidi. Mimi nashona na kubandika, na pia nakimbia, kwa hivyo kiatu hiki nakijua kwa mkono na kwa mguu.

Kwanza tuweke sawa jambo moja, maana kila mtu anauliza bamba, kile kipande kigumu cha kaboni kilichofichwa ndani ya sponji ya soli. Nike walipotoa Vaporfly 4% mwaka 2017, jina lile lilitokana na vipimo vya Chuo Kikuu cha Colorado: wakimbiaji walitumia nguvu pungufu kwa takriban asilimia 4 kuliko walipovaa viatu vingine vya mashindano vya wakati ule. Watu wakaona kaboni, wakasema siri ni kaboni. Baadaye watafiti wakachukua Vaporfly, wakalichanja bamba lake mikato mpaka ugumu wake ukapungua sana, wakawapa watu wakimbie. Tofauti ilikuwa ndogo, haikufika hata asilimia 1. Kazi kubwa inafanywa na sponji. Ni sponji ya aina ya PEBA, nyepesi mno, ukiikanyaga inakurudishia sehemu kubwa ya nguvu uliyoitia. Bamba lina kazi yake, lakini raba yenye bamba zima na sponji iliyokufa ni raba ngumu tu.

Ndiyo maana naanza na kidole gumba. Bonyeza ubavu wa sponji kisiginoni, kisha chini ya vidole, kisha fanya hivyo hivyo kwa mguu wa pili. Sponji hai inarudi papo hapo, na kulia na kushoto hujibu sawa. Tazama mikunjo ya ubavuni. Mistari myembamba ni ya kawaida, hata raba iliyokimbiwa mara chache inayo. Ikiwa mikunjo ni ya kina na haifunguki kiatu kikiwa kitupu, kama ganda la embe lililosahauliwa kapuni, sponji hiyo imeshalala. Halafu iweke raba juu ya meza iliyo sawa, uchutame uitazame kwa nyuma. Ikiegemea upande mmoja, mwenye nayo wa mwanzo ameshaikandamiza kwa mwendo wake, na wewe utavaa mwendo wa mtu mwingine.

Bamba lipime kwa mikono miwili, mmoja kisiginoni, mmoja kwenye ncha. Kunja pole pole. Ugumu unatakiwa uwe mmoja, mfululizo. Ukisikia kitu kinalia ndani, au ukaona inakunjika sehemu moja tu, bamba limepasuka. Usiinunue hata kwa bei ya ndara. Zipo pia feiki zilizochapwa neno la kaboni ubavuni na zinakunjika kama kandambili. Lakini usikimbilie kusema feiki kila inayokunjika. Saucony Endorphin Speed ina bamba la nailoni kwa makusudi, ni laini zaidi, na kwa mtu wa mazoezi ya kila wiki mimi naipendelea kuliko nyingi za kaboni. Adidas Adios Pro nayo ina vijiti ndani badala ya bamba moja pana.

Ipeleke kwenye mizani ya duka. Raba ya mashindano ya saizi za kiume za kawaida huwa karibu na gramu 200, ikizidi kidogo au ikipungua kidogo. Ikikaribia gramu 300, aliyekuuzia amekupa kitu kingine. Unene nao una sheria: World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, wanaruhusu soli isiyozidi milimita 40 kwa mbio za barabarani, na bamba moja. Mwaka 2021 Derara Hurisa wa Ethiopia alimaliza wa kwanza Vienna Marathon, akanyang'anywa ushindi kwa sababu soli zake zilikuwa na sentimita 5. Ukikimbilia afya haikuhusu. Ukikimbilia zawadi, pima kwa rula.

Kujaribisha saizi ni jioni, mguu ukiwa umeshavimba kwa joto la kutwa, na kwa soksi zile zile za mbio. Wengi wetu miguu imekulia kwenye ndara, imetanuka mbele, na raba hizi nyingi ni nyembamba. Kidole kidogo kikibanwa dukani, kilomita ya 15 kitalia.

Sasa barabarani, na hapa ndipo naomba uwe na subira, kwa sababu ndipo watu wengi wanapojidanganya. Raba mpya inaleta furaha, furaha inaongeza mwendo, na mtu anarudi akisema kiatu kimemkimbiza. Fanya hivi. Baada ya sala ya alfajiri, kabla ya daladala hazijajaa, nenda njia ya uwanja wa ndege. Kutoka Mnazi Mmoja kwenda Kiembesamaki hakuna mlima wa kukuchanganya. Pasha mwili kwanza, kisha chagua kilomita moja yenye alama unazozijua, mti, kituo, ukuta. Kimbia kilomita hiyo kwa mwendo wa mashindano ukiwa na raba yako ya zamani. Pumzika, badilisha, ikimbie kwa ile ya kaboni. Pumzika, irudie kwa kaboni. Mwisho rudi kwenye ya zamani. Mpangilio huo una maana yake: kila dakika jua linapanda na wewe unachoka, kwa hivyo ukianza na ya zamani na kumaliza nayo, joto na uchovu vinagawika sawa kwa zote mbili.

Shika mwendo mmoja mara zote nne, halafu linganisha mapigo ya moyo. Kama mwendo ni ule ule na moyo unapiga taratibu zaidi ndani ya kaboni, kiatu kinakusaidia. Huna saa ya kupima moyo? Kimbia na mwenzako, kila mzunguko mwambie sentensi moja ile ile, yeye asikilize pumzi inakatika wapi. Rudia siku nyingine kwa kugeuza mpangilio, uanze na kaboni. Siku moja haitoshi kusema kitu.

Usitosheke na njia iliyonyooka. Pita Forodhani uingie vichochoro vya Mji Mkongwe, ukate kona za ghafla. Soli ya milimita 40 iliyo laini inayumba kwenye kona, na mawe yaliyosuguliwa na nyayo huteleza kukiwa na maji, hasa kwa mpira mwembamba uliobandikwa chini ya raba hizi. Kama utakimbia wakati wa masika, jaribu siku ya mvua. Ukipata safari ya Pemba, Chake Chake ina miteremko itakayokuambia ukweli haraka. Ukishuka na kisigino kinacheza kwenda ndani, goti lako litalipa.

Kuna kipimo kingine nakipenda sana, na kwetu visiwani kina uzito kuliko huko kwenye baridi ziliko maabara. Pima raba kavu kwenye mizani, nenda ukakimbie kilomita 10 kwenye unyevunyevu wetu huu, ukirudi ipime tena. Kitambaa kizuri cha juu kinaachia jasho lidondoke. Kibaya kinalinywa, na gramu ulizolipia bei kubwa kuzipunguza zinarudi zote kama maji. Kati ya raba mbili zinazolingana kwa mengine yote, mimi nachukua ile inayokauka.

Je, inakufaa wewe? Hapo napenda kuwa mkweli na pesa za watu. Mwaka 2023 ulitoka utafiti uliowapima watu wa mwendo wa chini: kwa kilomita 12 kwa saa, yaani dakika 5 kila kilomita, waliokoa nguvu kwa wastani wa asilimia 1.4, na kwa kilomita 10 kwa saa wastani ulishuka hadi asilimia 0.9. Huo ni wastani, wako ambao raba iliwachosha zaidi. Hata miongoni mwa wakimbiaji wa Kenya wa kiwango cha dunia, waliopimwa katika utafiti mwingine wa mwaka huo huo, wapo walionufaika sana na wapo waliopoteza. Sifa anazotoa jirani yako ni za mguu wa jirani yako.

Dada mmoja wa kikundi chetu, anayemaliza nusu marathon kwa zaidi ya saa mbili, alikuja na jozi aliyoazimwa.

"Shikamoo fundi. Nichukue au niache?"

"Marahaba. Ulipovua, wapi palikuuma?"

"Mashavu ya miguu, siku mbili. Na hapa juu ya unyayo, pana maumivu ya kuchoma."

"Mashavu yatazoea, mwanangu. Hapo pa juu ya unyayo ndipo panaponitia hofu. Irudishe."

Sikumwambia hivyo kumkatisha tamaa. Mwaka 2023 madaktari waliandika habari za wanariadha watano walioumia mfupa wa navikula, ule ulio juu ya uvungu wa unyayo, wakiwa wanatumia viatu vya bamba la kaboni. Mfupa huo damu inayoufikia ni chache na hupona kwa shida. Maumivu ya hapo hayakimbiwi. Unasimama, unakwenda hospitali.

Ukiamua kuchukua, ingia kidogo kidogo. Wiki za mwanzo dakika 15 au 20 ndani ya mazoezi, zilizobaki kwenye raba ya kawaida. Baadaye itumie kwa zoezi moja la kasi kwa wiki, na mara moja au mbili kwa mbio ndefu kabla ya shindano, ili mguu uijue kilomita ya 18 kabla ya siku yenyewe. Kukimbia polepole nayo kila asubuhi ni kuichoma bure, na kunauzoesha mguu kufanyiwa kazi na kiatu.

Uhai wake ni mfupi. Katika utafiti mmoja, raba za PEBA mpya zilikuwa bora kuliko za sponji ya kawaida, lakini baada ya kilomita 450 ubora huo ulikuwa umetoweka. Andika kilomita zako kwenye daftari. Adidas walipotoa Adios Pro Evo 1 mwaka 2023, gramu 138 kwa dola 500, walisema wazi kuwa imetengenezwa kwa marathon moja na mazoezi ya kuizoea. Ikikukuta mtumba, iangalie kwa jicho hilo.

Ukiiosha, maji baridi na sabuni kidogo, toa kamba na soli ya ndani, jaza karatasi, iweke kivulini penye upepo. Isianikwe juu ya bati wala isifungiwe ndani ya gari juani. Joto hilo linalegeza gundi, na bamba likiachana na sponji mimi sina dawa yake. Mpira wa chini ukibanduka, niletee mapema kabla mchanga haujaingia, huo nabandika na unakaa.