Somo: Kuondoa kadi ya grafiki kwenye laptopu yenye matatizo ya umeme

Laptopu ikigoma kuwaka, wengi huihukumu madabodi, yaani bodi kuu ya mashine, mara moja. Lakini katika mashine za kazi nzito ambazo kadi yake ya grafiki huchomolewa, kama vile Dell Precision M4800 na HP EliteBook 8570w, hitilafu inaweza kuwa kwenye kadi peke yake. Kadi hizo, zinazojulikana kama MXM, hupokea umeme wa volti za juu kutoka kwenye njia kuu ya mashine na kuushusha zenyewe hadi volti 1 hivi kwa ajili ya chipu, kwa hiyo kapasita moja (kijisehemu kidogo cha kutunza umeme) ikipiga shoti pale umeme unapoingilia, mashine nzima hufa nayo. Kuitoa kadi ni kipimo, si tiba, nami nawasihi mkifanye kipimo hicho kabla hamjamruhusu mtu yeyote kuipiga madabodi hewa ya moto.

Hatua ya kwanza ni chaja. Ikiwa chaja yako ina taa, itazame wakati unapoichomeka kwenye laptopu. Ikizimika papo hapo, yaelekea kuna shoti kwenye njia ya umeme iliyo wazi muda wote. Ikizimika pale tu unapobonyeza kitufe cha kuwasha, shoti huenda iko kwenye njia inayofunguliwa baadaye, na hapo kadi ya grafiki ni miongoni mwa vifaa vya kushukiwa kwanza. Rudia jaribio kwa chaja nyingine yenye volti na wati zilezile, maana chaja iliyochoka huleta dalili zinazofanana na hizo.

Hatua ya pili ni kujua kama mashine itatoa picha bila kadi. Ikiwa zamani Windows ilikuwa ikionyesha grafiki mbili, ya Intel pamoja na ya Nvidia au AMD, kuna matumaini ya kupata picha. EliteBook 8570w haina njia hiyo ya pili ya picha kupitia Intel, hivyo ukiondoa kadi yake skrini itabaki nyeusi hata kama umeme umerudi, na itakubidi uisome mashine kwa feni na taa zake peke yake.

Hatua ya tatu ni kufungua. Chomoa chaja, toa betri, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 15 hivi ili umeme uliobaki ndani uishe. Dell na HP hutoa bure mwongozo wa ufundi wa mashine hizi. Pakua ule wa modeli yako hasa, kwa sababu mpangilio wa vifuniko na skrubu hutofautiana. Legeza skrubu za kipoza joto kwa zamu, kidogo kidogo, ukifuata namba zilizochapwa kando yake kama zipo. Kikigoma kuachia, usikinyanyue kwa bisibisi. Kisogeze taratibu kulia na kushoto hadi pesti ya kupitisha joto iliyokauka ikubali. Pedi laini zilizo juu ya memori za kadi ziache mahali pake, kwani unene wake haulingani. Ukishatoa skrubu zinazoishika kadi, upande wake mmoja utainuka wenyewe na kukaa mshazari. Ishike kwa kingo, uivute polepole kwa kufuata mshazari huohuo, maana ukiikandamiza ilale au ukiivuta wima unaweza kuipasua soketi.

Sasa pima, na hapa ndipo ninapoomba utulivu zaidi. Kwenye ukingo wa dhahabu wa kadi, upande mmoja una vidole vipana kuliko vingine, na umeme huingilia kwenye baadhi yake, huku vingine vikiwa vya ardhi (GND), ambavyo husoma karibu na sifuri hata kwenye kadi isiyo na kosa. Weka multimita (kifaa cha kupimia umeme) kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani, upime kati ya kidole cha umeme na tundu la skrubu la kadi. Ukisoma karibu na sifuri, kadi ina shoti. Usipime kwenye koili (vijisanduku vyenye waya uliosokotwa ndani) zilizo jirani na chipu halafu ukatoa hukumu, kwa sababu njia hiyo huwa na omu chache sana hata kwenye kadi isiyo na hitilafu, na kadi nyingi zisizo na kosa zimetupwa kwa sababu ya usomaji huo.

Mwisho, rudisha kipoza joto cha prosesa kwa pesti mpya, unganisha feni zote, hakikisha hakuna chuma kinachogusa soketi iliyo wazi, kisha washa kwa chaja bila betri. Ikiwaka, umempata mkosaji. Taa ya chaja ikizimika tena kama mwanzo, shoti iko kwenye madabodi.

Maswali ya wanachama

Swali: Habari fundi. Precision M6800 yangu inawaka vizuri, ila huzimika nikianza kuchakata video. Je, nitoe kadi?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Angalia kwanza wati za chaja. M6800 ilitoka na chaja ya wati 240, na M4800 ya wati 180. Chaja ndogo huweza kuiwasha mashine lakini ikashindwa kuibeba kazini. Chaja ikiwa sahihi, safisha feni na ubadilishe pesti.

Swali: MacBook Pro yangu ya inchi 15 ya mwaka 2011 inaleta mistari kwenye skrini. Kadi yake inatolewaje?

Jibu: Haitolewi, kwa sababu chipu yake ya AMD imelehemiwa kwenye madabodi. Hitilafu hiyo ilienea kiasi kwamba Apple ilianzisha mpango wa matengenezo ya bure mwezi Februari 2015, ambao sasa umekwisha. Wapo mafundi wanaoikatia chipu hiyo umeme ili mashine itumie grafiki ya Intel pekee. Mtafute aliyekwisha kuifanya kazi hiyo, na usikubali madabodi yako iwekwe kwenye oveni.

Swali: Nimetoa kadi na mashine imewaka. Naweza kuendelea kuitumia hivyo?

Jibu: Kwa kuandika, intaneti na hesabu za ofisi, ndiyo. Kwa AutoCAD yenye michoro mizito utaona uzito, na baadhi ya matundu ya skrini ya nje yanaweza kukaa kimya kwa kuwa yalipitia kwenye kadi. Ukinunua kadi nyingine, linganisha kwanza umbo lake na matundu ya kipoza joto chako, maana kadi mbili za MXM zenye jina moja huweza kutofautiana hapo.