Somo: Kuichambua Soneti ya 130 ya Shakespeare, shairi linalokataa kumsifia mpenzi kwa uongo

Ndugu zangu, darasa langu la jioni hapa Mbagala Rangi Tatu limeingia kwenye Soneti ya 130 ya William Shakespeare, na insha nyingi nilizosahihisha zinasema kitu kimoja: "mshairi anamtukana mpenzi wake." Hapana. Ni moja ya mashairi ya mapenzi ya kweli kabisa ninayoyajua, na inaniuma kuona kijana mwenye akili akilipita hivi hivi. Kwa hiyo naleta hapa somo zima, hatua kwa hatua, kama ninavyolifundisha. Maswali yenu nimeyajibu chini.

Kwanza shairi lenyewe. Nimelitia Kiswahili kwa maneno yangu, bila vina, ili maana itangulie:

1. Macho ya mpenzi wangu hayafanani hata kidogo na jua;
2. marijani ni nyekundu sana kuliko wekundu wa midomo yake;
3. ikiwa theluji ndiyo nyeupe, basi kifua chake ni cha hudhurungi;
4. ikiwa nywele ni nyaya, basi nyaya nyeusi zimemwota kichwani.
5. Nimeona mawaridi ya rangi mbili, nyekundu na nyeupe,
6. lakini mawaridi ya namna hiyo siyaoni mashavuni mwake;
7. na yapo manukato yenye kuburudisha zaidi
8. kuliko pumzi imtokayo mpenzi wangu.
9. Napenda kumsikia akizungumza, ingawa najua fika
10. kwamba muziki una sauti tamu kuliko yake;
11. nakiri sijapata kumwona mungu wa kike akitembea:
12. mpenzi wangu, akitembea, hukanyaga ardhi.
13. Na bado, naapa kwa mbingu, namwona mpenzi wangu ni adimu
14. sawa na mwanamke yeyote aliyesingiziwa kwa mifano ya uongo.

Hatua ya 1: Soma kwa sauti kabla ya kushika kalamu

Soma Kiingereza chake mara mbili, hata kama maneno mawili matatu hayajakukaa. Mara ya pili weka kidole kila mahali mshairi anapojitaja kwa "I". Katika mistari minne ya kwanza hutaikuta hata moja. Inaingia mstari wa 5, "nimeona". Mstari wa 9 ndipo anapotamka "napenda", na mstari wa 13 anaapa. Yaani anaanza akiwa amesimama mbali, kisha anasogea. Usiandike chochote bado.

Hatua ya 2: Hesabu mifupa yake

Sisi tumekulia kwenye tarbia: mistari minne kila ubeti, mizani (yaani silabi) 16, nane za ukwapi, nusu ya kwanza ya mstari, na nane za utao, nusu ya pili, vina vya kati na vya mwisho. Soneti ya Shakespeare haina kina cha kati. Ina mistari 14: mafungu matatu ya mistari minne ambamo vina vinapishana, halafu mistari miwili ya mwisho yenye kina kimoja. Pembeni andika ABAB CDCD EFEF GG, kila herufi ikisimama kwa kina kimoja.

Kila mstari una mizani 10, ila hapa ndipo wengi wanapokwama. Sisi mizani zote tunazihesabu sawa. Kiingereza kinasikiliza ipi inagongwa na ipi inapitiwa kwa ulaini. Mstari wa kwanza unakwenda hivi, herufi kubwa ndizo zenye mkazo: my MIS-tress' EYES are NOTH-ing LIKE the SUN. Laini, nzito, laini, nzito, mara tano.

Tulipofanya zoezi hili darasani, kila mtu alikuwa akigonga dawati kwa kalamu. Tulipofika mstari wa 12 binti mmoja alisimamisha kalamu yake hewani akasema, "Mwalimu, hapa pananikwaza." Nilifurahi mno. Kweli panakwaza! Msikilize: when she WALKS, TREADS on the GROUND. Silabi mbili nzito zimegongana, "walks" na "treads", na katikati yake kuna mkato unaokulazimisha kutua. Mapigo yaliyokuwa yanateleza tangu mwanzo sasa yanakanyaga. Mshairi hakutuambia tu kwamba huyu mwanamke anatembea chini kama watu. Ametufanya tusikie unyayo unavyotua. Mtahiniwa anayeliona hilo na kulieleza kwa sentensi mbili amefanya kazi kubwa kuliko aliyetaja majina kumi ya tamathali.

Angalia pia mwendo wa mafungu. La kwanza linatumia mstari mmoja kwa kila kiungo: macho, midomo, kifua, nywele. La pili na la tatu linatumia mistari miwili kwa kila jambo. Amepunguza kasi. Na milango ya fahamu inabadilika: kwanza anatazama, kisha ananusa, kisha anasikiliza. Macho ya mtu unaweza kuyaona ukiwa ng'ambo ya barabara. Pumzi yake huijui mpaka umekuwa karibu naye sana.

Hatua ya 3: Fahamu anamjibu nani

Bila hatua hii shairi litaonekana tusi. Karne mbili kabla ya Shakespeare, Mwitalia Francesco Petrarca, aliyeishi kati ya 1304 na 1374, alitunga mkusanyo wa mashairi 366, mengi yakimsifu mwanamke aitwaye Laura. Mtindo ule ulienea Ulaya, na kufikia miaka ya 1590 washairi wa Uingereza walikuwa wameukamata kwa nguvu: macho ni jua, midomo ni marijani, ngozi ni theluji, nywele ni nyuzi za dhahabu, mwendo ni wa mungu wa kike. Kiungo baada ya kiungo, kama orodha ya soko. Soneti za Shakespeare, 154 kwa jumla, zilichapishwa London mwaka 1609, wakati masikio ya wasomaji yamekwisha kuzizoea sifa hizo.

Nasi tunazo zetu. Panda daladala yoyote kuanzia hapa hadi Kariakoo, sikiliza redio ya dereva: shingo ya twiga, meno kama mchele, macho ya gololi, sauti ya chiriku. Sasa fikiria msanii aingie studio aimbe, "Shingo yake si ya twiga, ni shingo tu." Ungecheka kwanza, kisha ungesubiri uone anaelekea wapi. Msomaji wa mwaka 1609 alikaa hivyo hivyo.

Hatua ya 4: Ulizia kila mstari maswali mawili

La kwanza: anachosema ni kweli? La pili: ni tusi?

Chukua mstari wa 2. Marijani ni nyekundu kuliko midomo yake. Ni kweli. Ni nyekundu kuliko midomo ya kila mwanamke aliye hai. Je, amesema midomo yake ni mibaya? Hajasema. Mstari wa 10, muziki mtamu kuliko sauti yake: kweli tena, na amekwisha kusema anapenda kumsikia. Ukipita hivyo mstari kwa mstari utagundua kwamba sehemu kubwa ya yale yanayoitwa matusi ni mambo ambayo yangesemwa juu ya Laura pia, kama mtu angekubali kusema kweli.

Tamathali zinazoingia hapa: *tashibiha* iliyokanushwa, kwani anamlinganisha ili akatae ulinganisho, *kinaya*, maana kinachosikika kama dharau ni heshima, na *mubalagha*, yaani kutia chumvi, ya wengine, ile anayoipindua. Mistari ya 3 na 4 inaanza na "ikiwa", na hiyo ni *takriri*, yaani kurudia neno. Ila "ikiwa" hiyo ina kazi: inasema haya mapimo si yangu, ni yenu, mkishikilia kwamba weupe ni theluji, basi matokeo yake ni haya. Kosa liko kwenye kipimo.

Hatua ya 5: Tafuta geuko

Geuko ni pale shairi linapobadili mwelekeo. Mistari 12 imekwenda, mtu ameshuka hadi ardhini. Halafu: "Na bado, naapa kwa mbingu." Ona alivyoziweka jirani. Neno la mwisho la mstari wa 12 ni ardhi, na mstari unaofuata anashika mbingu. Mpenzi wake hakumpandisha juu awe mungu wa kike. Kiapo ndicho kilichokwenda juu.

Mstari wa 14 huwapoteza wengi. "Any she belied" watu huusoma kama "yeyote ambaye yeye alimdanganya". Sivyo. "She" hapa ni nomino, maana yake mwanamke, na "belied" ni aliyesemewa uongo. Kwa hiyo wanaodanganya ni washairi, na wanawake waliosifiwa kwa jua na theluji ndio waliosingiziwa. Sifa ya uongo inamfuta yule anayesifiwa, inamweka mtu mwingine mahali pake. Hili ndilo ninalotaka mlichukue katika somo zima.

Hatua ya 6: Andika aya

Taja mbinu, nukuu neno, eleza kazi yake. Aya dhaifu: "Mshairi ametumia taswira ili kufanya shairi livutie." Hiyo inaweza kubandikwa kwenye shairi lolote duniani. Aya yenye nguvu: "Kwa kugonganisha silabi mbili zenye mkazo, 'walks' na 'treads', mshairi anaupa mstari wa 12 uzito wa hatua za binadamu, mara tu baada ya kumtaja mungu wa kike."

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Mstari wa 8 una neno "reeks". Si ni kunuka hilo? Utamteteaje hapo?*

Marahaba. Zama zile "reek" lilitumika zaidi kwa mvuke au moshi unaopanda, kama chungu kilichofunuliwa. Ukali wa kunuka vibaya umelizidi baadaye. Lugha yetu inakusaidia kuelewa: *kunukia* na *kunuka* zimetoka shina moja, na kiambishi kidogo tu ndicho kinachotenga udi na jalala. Lakini sitaki kulisafisha kupita kiasi. Limewekwa baada ya manukato, linafanya kina na "cheeks", na halina ulaini. Nadhani alitaka tushtuke kidogo. Mtihani ukikuruhusu, eleza maana zote mbili.

*Kwa nini umetafsiri "mistress" kuwa mpenzi? Mimi nilielewa ni mchepuko.*

Kwa Kiingereza cha leo, ndiyo. Cha Shakespeare kiliita hivyo mwanamke yeyote unayempenda na kumtumikia kwa moyo. Shairi hili halina mke wa mtu ndani yake.

*Huyu mwanamke alikuwa Mwafrika? Nywele nyeusi, kifua cha hudhurungi...*

Swali hili kila mwaka linaulizwa, na huwa nalipa muda. Soneti za 127 hadi 152 zinamzungumzia mwanamke mwenye macho na nywele nyeusi, na ya 127 inafungua kwa kusema kwamba zamani weusi haukuhesabiwa kuwa uzuri. Hakuna jina lake popote katika mashairi hayo. Neno "black" wakati ule lilitumika hata kwa Mwingereza mwenye nywele na macho meusi, kwa hiyo kwenye insha andika kile kilichomo kwenye mistari, usiongeze.

Pia zile "nyaya" si waya wa umeme. Washairi wa enzi hiyo waliziita nywele nyaya za dhahabu, za kutarizia. Kwa hiyo kinachoshtua mstarini ni "nyeusi".

Lakini nikuambie nilichokiona. Tulipofika kwenye "nyaya nyeusi", mabinti wawili wa mbele walijishika nywele zao, za kipilipili, bila kuambiana. Nje ya geti letu kuna meza inauza mkorogo wa kung'arisha uso. Sikusema neno, nikawaachia wausome mstari tena.

*Geuko ni mstari wa 9 au wa 13? Kitabu changu kinasema la tisa.*

Soneti za Kiitalia kwa kawaida hugeuka wa 9. Za Shakespeare mara nyingi husubiri miwili ya mwisho. Hapa mimi nasimama na wa 13, ila "napenda kumsikia" ya mstari wa 9 ni mlango ulioachwa wazi kidogo. Ukiandika hivyo kwa ushahidi, msahihishaji hana pa kukukata.

*Soneti ya Kiswahili inawezekana? Nimejaribu inagoma.*

Inawezekana, ila jua kinachogoma. Maneno yetu karibu yote hukaza silabi ya pili kutoka mwisho: ku-PEN-da, ma-wa-RI-di. Mstari wa Shakespeare unaishia kwenye mkazo, wetu unaishia baada yake. Usilazimishe. Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Julius Caesar, toleo la kwanza likitoka 1963, alifuata mistari isiyo na vina, na Kiswahili kikapumua. Kwako naona hivi: chukua mistari 14 na geuko lake, mizani uweke 16 kama tulivyozoea, na vina vipishane.

*Mimi naendesha bodaboda, Kiingereza changu cha kuombea maji. Nataka kumtumia mchumba wangu shairi hili kwa Kiswahili, Ijumaa anatimiza miaka. Atakasirika?*

Hongera, na mfikishie salamu zetu. Tafadhali usimtumie kwa vipande. Mistari 14 yote iende kwa ujumbe mmoja, kwa sababu akiishia kwenye ya kifua na nywele utakesha unaomba radhi. Au bora zaidi, msomee mwenyewe. Ukifika "hukanyaga ardhi" tua kidogo, mtazame, ndipo uendelee na "na bado".