Jinsi ya kumfufua kondoo wa Kihindi-Kiulaya cha kale

Kihindi-Kiulaya cha kale ni lugha mama ya lugha nyingi za Ulaya na India. Yenyewe hakuna aliyeiandika, kwahiyo neno unalitafuta kwenye lugha watoto na wajukuu wake. Tuchukue kondoo. Andika kwenye karatasi: Kilatini ovis, Kigiriki cha Homer óis, Kisanskriti ávis, Kilithuania avis, Kiingereza ewe, yani kondoo jike. Maneno ya kuazima tupa mapema, meza yetu tumeipata kwa Wareno, wao kwenye Kilatini, na haitufanyi ndugu wa Warumi.

Sasa panga sauti kwa sauti. Mkia ni rahisi, -is iko karibu kote, chukua. Katikati Warumi waliandika v ila walitamka w, Wagiriki yao ilishadondoka ndo maana pako wazi, weka w.

Kasheshe iko kwenye vokali. Wawili wana o, wawili wana a, na hapa watu wanaanza kuhesabu kura, usihesabu, jiulize nani kachanganya. Kisanskriti kilizikusanya e, o na a fupi zote kikazifanya a, Kilithuania nacho kikageuza o fupi kuwa a, ila Kilatini na Kigiriki bado wanazitenga. Mchele na mchanga ukishachanganyika huwezi kusema kipi kilikuwa wapi, kwahiyo muulize asiyechanganya: ni o. Schleicher, mwanaisimu Mjerumani, mwaka 1868 alitunga kihadithi kizima cha kondoo na farasi kwa lugha hiyo akaandika avis, enzi hizo Kisanskriti kiliaminiwa mno.

Una *owis, bado. Saussure, mwanaisimu Mswisi, mwaka 1879 alishapiga hesabu kwamba kuna sauti zilizopotea kila mahali, ushahidi hana. Afu mabamba ya udongo yakachimbwa Boğazköy, Uturuki, Mcheki Hrozný akakifumbua Kihiti, lugha ya kale ya huko iliyo ya ukoo huohuo, 1915, na 1927 Mpoland Kuryłowicz akaonyesha kuna h ya Kihiti imekaa palepale Saussure alipoacha nafasi. Mi hapo huwa nasisimka kila nikisoma. Kiluwi, ndugu wa Kihiti, kondoo wanamuita hawi-. Basi iandike: *h₂ówis. Kinyota maana yake neno halijaonekana popote, na h₂ ni moja ya zile sauti zilizopotea, wengi wanaidhania ya kooni, karibu na kh ya Waarabu.

Mwisho shuka nalo ulijaribu. Kigiriki: toa h₂, toa w, inabaki óis. Kisanskriti: toa h₂, o iwe a, w iwe v, ávis. Likigoma sehemu moja rudi juu ukague. Ewe isikutishe kwa kukosa -is, kwenye Kiingereza cha kale ilishakuwa eowu, mkia ulibadilishwa njiani.