Kalamu ya Wino ya Bei Nafuu: Namna ya Kuichagua na Kuitumia Visiwani

Mtu aliyezoea peni ya kigololi mara nyingi huichagua kalamu ya wino kwa macho: huvutiwa na mng'aro wake, uzito wake mkononi na klipu yake ya rangi ya dhahabu, kisha huilipia na kurudi nayo nyumbani. Wiki mbili baadaye kalamu imeanza kukauka, kukwaruza karatasi au kutapika wino, naye huitia ndani ya bweta na kuona kwamba fedha zake zimepotea. Nimeandika kwa kalamu hizi miaka mingi hapa Unguja, na jamaa na majirani wameniletea zao nizisafishe, na nililojifunza ni kwamba katika hali ya hewa ya visiwa vyetu kalamu yenyewe ni nadra kuwa na kosa. Makosa hutoka kwenye wino uliotiwa, maji yaliyotumika kuioshea na karatasi iliyoandikiwa. Kwa hiyo anayeanza na atoe fedha kidogo kwa kalamu, na uangalifu wake mwingi auweke katika mambo hayo matatu.

Ni vyema kwanza kuelewa kalamu hii inavyofanya kazi. Nibu ni kipande cha chuma kilichopasuliwa katikati, na chini yake pana ulimi wa plastiki wenye mfereji mwembamba. Wino hufuata mfereji huo na mpasuo wa nibu kwa namna ileile ambayo mafuta ya taa huupanda utambi wa kandili, na kila wino unaposhuka, hewa kidogo hupanda kushika nafasi yake. Mpango huu wa kuachia wino na kuingiza hewa kwa kipimo ndio uliompatia Lewis Waterman hataza yake huko New York mwaka 1884, na kalamu za leo, za bei ya chini kwa za bei ya juu, bado zinautegemea. Kwa kuwa njia hizo ni nyembamba sana, chembe ya chumvi, ya masizi au ya gundi inatosha kuziziba.

Kati ya kalamu za bei nafuu, zinazojulikana zaidi ni Jinhao na Hero za Uchina, Platinum Preppy na Pilot Metropolitan za Japani, na Lamy Safari ya Ujerumani, ambayo imekuwa ikitengenezwa tangu mwaka 1980 na ambayo bei yake imepanda ukilinganisha na wenzake. Hero 616 ina kifuko cha mpira ndani yake; unakibinya na kukiachia, nacho huvuta wino chenyewe, lakini kukiosha kunachukua muda na kalamu za kuigiza za jina hilo ni nyingi. Nyingine hutumia kibomba cha kuzungusha kinachochomolewa, na hapo inafaa kuuliza kabla ya kulipa kama kibomba kimo ndani ya bei, kwa sababu Preppy na Safari mara nyingi huuzwa na katriji tu, yaani kichupa kidogo cha plastiki kilichojazwa wino tayari, na vibomba vya Platinum, Pilot na Lamy haviingiliani. Mimi humshauri anayeanza achukue Jinhao yenye kibomba chake au Preppy. Preppy ina kifuniko cha ndani chenye springi kinachoziba nibu barabara, na katika miezi ya kaskazi, joto linapokausha kila kitu, ubora huo unazidi mapambo yoyote.

Nibu za chuma cha pua zinatosha kabisa, dhahabu haihitajiki. Maneno yaliyochorwa juu ya nibu za bei ya chini kutaja Ujerumani au madini ya iridiamu hayathibitishi zilikotengenezwa wala ubora wake, basi yasiwe sababu ya kuongeza bei. Kinachohitaji kufikiriwa ni unene wa ncha. Alama ya F ni nyembamba, M ni ya kati na B ni nene, na ncha nyembamba ya Japani kwa kawaida huwa nyembamba kuliko ya Ulaya yenye alama hiyohiyo. Watu wengi visiwani huandika hati mbili, ya Kilatini kazini au skuli na ya Kiarabu chuoni, yaani madrasa, au katika barua za ndani, na jambo hili lina athari ambayo miongozo ya ugenini haiitaji. Anayeandika kwa mkono wa kulia kwa hati ya Kilatini huiburura nibu kuelekea kulia. Akiandika hati ya Kiarabu huisukuma nibu kuelekea kushoto, upande ambao ncha yake imeelekea, na ncha nyembamba sana inaposukumwa hujichomeka katika nyuzi za karatasi na kukwaruza. Tena, kiganja huwa karibu na maneno yaliyoandikwa punde, hivyo wino unaochelewa kukauka huchafua ukurasa na mkono. Kwa anayeandika hati zote mbili napendekeza ncha ya M pamoja na wino unaokauka upesi, na kiganja kikae chini ya mstari badala ya juu yake. Anayetaka unene na wembamba wa khati asitarajie kuupata katika ncha ya duara. Ama atafute nibu iliyokatwa bapa ya milimita 1.1, ama abaki na kalamu ya mwanzi na kidau chake.

Unapofika dukani, omba kuitazama nibu kwenye mwanga, na ukiwa na kioo cha kukuza kitumie. Nusu mbili za ncha ziwe sawa kwa kimo, na mpasuo uzidi kuwa mwembamba kadiri unavyoikaribia ncha. Moja ikiwa juu ya mwenzake, kalamu itakwaruza upande mmoja. Pulizia kifuniko kwa mdomo: hewa ikipita bila kizuizi, nibu itakuwa inakauka kila usiku. Muuzaji akikubali, chovya nibu katika wino na uandike mistari michache kwenye karatasi uliyokuja nayo, yaani ileile unayoitumia kila siku.

Katika wino ndipo kalamu nyingi hufia. Lazima chupa iwe imeandikwa kwamba wino wake ni wa kalamu za wino. Wino wa masizi na gundi, ambao uliandikia mbao na karatasi za chuoni vizazi kwa vizazi, ni mzuri kwa mwanzi lakini ni sumu kwa ulimi wa plastiki. Wino wa India wa kuchorea ramani nao ni hivyohivyo, kwa kuwa ukikauka hugeuka gamba. Nimewahi pia kuletewa kalamu iliyotiwa wino wa zafarani na marashi kwa nia ya kuandikia kombe, yaani aya zinazoandikwa kwenye sahani na kuoshwa kwa maji ya kunywa. Nia ilikuwa njema, lakini zafarani huacha masalia yanayoganda ndani, na kazi hiyo ina kalamu yake ya kuchovya. Wino wa buluu unaooshika, kama Pelikan 4001 Royal Blue, ni mpole kwa kalamu na hutoka kwenye nguo kwa urahisi, na kwa sababu hiyohiyo haufai kwa hati ya ndoa, wasia au mkataba, kwani tone la maji linatosha kuyafuta maneno. Kwa hati za kuhifadhiwa, wino wa buluu-nyeusi wenye chumvi ya chuma, kama ule wa Pelikan 4001, huzidi kuwa mweusi ukikutana na hewa na hushikamana na nyuzi za karatasi; sharti lake ni kwamba usiachwe ukauke ndani ya kalamu. Rangi nyingine ni chaguo la mtu mwenyewe. Chupa ya mililita 50 hukijaza kibomba zaidi ya mara 50, kwa hiyo gharama yake ni ndogo kuliko ya katriji kwa umbali mkubwa.

Kabla ya kutia wino mara ya kwanza, osha kalamu mpya, kwani mafuta ya kiwandani hukaa ndani ya mfereji na kuuzuia wino kushuka. Vuta na kusukuma maji baridi yenye tone moja la sabuni ya vyombo, kisha maji matupu mpaka yatoke safi. Hapa nasisitiza aina ya maji. Unguja kwa sehemu kubwa ni mwamba wa matumbawe, na maji ya visima vyetu huwa na chokaa nyingi, na karibu na pwani huwa na chumvi pia. Anayeyajua matandu meupe yanayobaki ndani ya birika anaweza kukisia yanavyofanya ndani ya mfereji mwembamba kuliko sindano. Niliwahi kuosha kalamu kwa maji ya bomba la nyumbani kwa muda mrefu, ikawa inazidi kuandika kwa kukatika hadi nikaamini imeharibika. Nilipoiloweka siku mbili katika maji ya mvua, ikarejea kama mpya. Tumia maji ya mvua yaliyokingwa safi au maji ya kunywa ya chupa. Usitumie maji ya moto wala spiriti, kwa kuwa vyote viwili vinaweza kuiharibu plastiki.

Kujaza ni kazi ya dakika moja. Zungusha kibomba kishuke mpaka mwisho, zamisha nibu yote mpaka ukingo wa shingo, kisha zungusha polepole kurudi juu na usubiri sekunde chache kabla ya kuitoa. Rudia mara ya pili ili hewa itoke, rudisha matone mawili au matatu katika chupa, na ufute shingo kwa kitambaa cha pamba. Wino uliokaa ndani ya kalamu kwa siku kadhaa usirudishwe chupani, wala usichanganye wino wa watengenezaji wawili. Joto na unyevu wetu huotesha ukungu, na ukiona nyuzi zinaelea au ukisikia harufu ya uvundo, mwaga chupa nzima na uoshe kila kalamu iliyoingia humo. Chupa ikae ndani ya boksi lake, mbali na dirisha.

Katika kuandika, jambo gumu kwa wengi ni kuacha kukandamiza. Kigololi kinataka nguvu. Nibu inataka kulazwa tu, uso wake wenye maandishi ukiangalia juu, mkono ukiwa mlegevu. Ukilazimika kukandamiza ili wino utoke, kalamu inataka kuoshwa. Karatasi nayo ichaguliwe: madaftari mengi ya bei ya chini hunywa wino kama kitambaa, herufi zikaota nywele na rangi ikatokea upande wa pili, na katika masika hata karatasi nzuri hulegea kwa unyevu. Karatasi ya gramu 80 kwa kawaida huvumilia zaidi, ingawa njia ya uhakika ni kujaribu. Mimi huhifadhi yangu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na mwezi wa Aprili tofauti huonekana waziwazi.

Kalamu ikikaribia kuisha wino, ndani huwa na hewa nyingi, na hewa hiyo ikipata joto la mkono au la mfuko hutanuka na kuusukuma wino nje. Kanzu yangu moja nyeupe iliharibika hivyo katika boti ya kwenda Dar es Salaam, kalamu ikiwa imebaki na wino kidogo na imelala mfukoni. Tangu siku hiyo husafiri nayo ikiwa imejaa kabisa au tupu kabisa, nibu ikiangalia juu, iwe kwa boti, kwa ndege au kwa daladala ya mchana. Wino ukiingia kwenye nguo, uoshe papo hapo kwa maji baridi mengi.

Osha kalamu kila wiki tatu au nne na kila unapobadili rangi. Ikiziba, iloweke usiku kucha kabla ya kufikiria jambo jingine, na usipitishe wembe katika mpasuo, kwani mpasuo ukishapanuka haurudi. Ukijua hutaiandikia kwa mwezi mzima, kwa mfano unapokwenda Pemba msimu wa karafuu na kuiacha nyumbani, mwaga wino wote, ioshe, isimamishe katika kikombe nibu ikiwa chini juu ya karatasi ya tishu mpaka asubuhi, na kibomba kikae nje kando yake kikauke kabla ya kukirudisha.