Ukitaka kumwona kororo Pugu, tafuta kima kwanza

Kanga kila mtu anamjua. Kororo ni ndugu yake wa msituni, na sisi wa Gongo la Mboto, Dar es Salaam, tunaye hapo jirani, kwenye msitu wa Pugu-Kazimzumbwi. Usiwachanganye: kanga ana pembe ya mfupa utosini, kororo ana kishungi cha manyoya meusi yaliyojisokota. Uso wake mwekundu, shingo ya buluu, na mwili mweusi umejaa vidoa vyeupe vinavyokaribia ubuluu.

Wahi daladala ya kwanza ya Kisarawe. Vaa nguo za rangi ya udongo au kijani kilichofifia, nyeupe iache nyumbani. Lipa kiingilio, chukua mwongozaji, zima mlio wa simu.

Sasa, kosa la wengi ni kuingia msituni huku macho yako chini. Anza juu. Kima wakiwa kwenye mti wenye matunda, hula kwa fujo: tunda linaumwa mara moja, linatupwa, linachumwa jingine. Kororo wanalijua hilo kuliko sisi, hivyo huwafuata kima na kuokota makombo. Ukisikia matawi yanatikisika na matunda yanadondoka, simama. Tafuta gogo, kaa, tulia.

Ndipo utumie masikio. Mimi napenda miezi ya Julai hadi Septemba, majani ya chini yakiwa makavu. Kororo huchakura kama kuku uani: kwaru, kwaru, kimya, halafu tena kwaru. Baada ya mvua majani hulowa na sauti hiyo hupotea. Lakini majani makavu yanakuchongea na wewe pia, ndiyo maana nasisitiza kukaa. Ukiwafuata, mmoja atapiga kelele za kukwaruza na kundi zima litatimka kwa miguu hadi kwenye kichaka. Hutawaona tena asubuhi hiyo.

Ukikaa vizuri, watakuja wenyewe. Kwanza utaona majani yanarushwa nyuma, kisha kichwa kinainuka, jicho linakukagua. Usinyanyue kamera hapo. Subiri kichwa kirudi chini na miguu ianze tena kuchakura, ndipo uinyanyue polepole.

Tafadhali usiwapigie sauti zilizorekodiwa. Wala usitoke njiani kukatiza vichaka: mayai yao yako chini, ardhini, na mguu wa mtu hauyaoni. Msitu huu umekatwa mkaa wa jiji letu kwa miaka mingi. Kilichobaki kinastahili hatua za uangalifu.

Na ukikuta tanzi la waya, usiling'oe ukaendelea na safari. Mwonyeshe mwongozaji papo hapo awaarifu askari wa misitu, kwa sababu aliyetega moja hutega na mengine jirani.