Skrini ya nyumba janja: mpangie kila mtu ya kwake

Kabla hujafungua kompyuta, chukua daftari uketi na watu wa nyumba hiyo. Mimi ni fundi, nafunga mifumo ya kuendesha taa, pampu na geti kwenye nyumba za huku Mwanza: Nyegezi, Bwiru, Ilemela. Kazi ya skrini naianza kwa kumuuliza kila mtu peke yake: wewe hapa nyumbani unawasha nini, unazima nini, na saa ngapi? Baba atakutajia geti na kamera. Mama atataja maji na LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla. Dada wa kazi atataja maji, pasi na taa ya uani. Bibi anataka taa ya korido tu, akiamka usiku. Hapo tayari una skrini nne. Ukiwalundikia wote ukurasa mmoja wenye vitufe thelathini, watarudi kwenye swichi za ukutani na mfumo utabaki wa mtu mmoja.

Natumia Home Assistant, programu huria iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013. Inakaa ndani ya nyumba kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, kwa hiyo bando likiisha taa bado zinatii. Skrini yake inajengwa kwa kadi, yaani visanduku vya kubonyeza au kusoma: moja ya taa, moja ya pampu, moja ya geti, nawe unazipanga utakavyo. Mfungulie kila mtu akaunti yake, mtengenezee dashibodi yake, yaani ukurasa wake wa kadi, kisha kwenye wasifu wake chagua hiyo ndiyo ifunguke kwanza. Ila kuficha ukurasa si kuufunga. Mtu anayejua anwani ya ukurasa huo anaweza kuufikia, kwa hiyo geti lisilindwe kwa kuficha kadi peke yake.

Majina ya vitufe yatoe midomoni mwa wenyewe. Kama wao husema "taa ya kwa Babu", usiandike "Chumba cha 3". Majina haya ndiyo watakayotafuta kwa macho gizani umeme ukirudi.

Maji yanahitaji muda wako kuliko kitu kingine chochote. Nyumba nyingi za hapa zimekaa juu milimani kati ya mawe, presha ya bomba haipandi saa zote, na swali la kwanza asubuhi ni kama tenki lina kitu. Mfumo utakuonyesha asilimia 40. Hiyo haimsaidii anayetaka kujua kama nguo za watoto zitafulika leo. Geuza iwe ndoo: tenki la lita 3,000 ni ndoo 150 za lita 20, basi asilimia 40 ni ndoo 60. Kwanza punguza maji yaliyo chini ya koki, maana hayatoki, halafu shusha hesabu hadi kumi kamili ili namba isichezecheze. Ukitumia sensa ya JSN-SR04T inayopima umbali kwa sauti, ujue haisomi vizuri kitu kilicho karibu nayo chini ya sentimita 20 hivi. Ipachike juu vya kutosha na floti ikate maji kabla hayajafika hapo.

Kadi ya pampu nayo iseme ukweli. Kitufe kikibonyezwa, wengi huandika "imewaka" papo hapo, wakati kilichotokea ni amri kutumwa tu. Weka kipima umeme kwenye waya wa pampu, na neno libadilike pale tu mota inapokula umeme kweli. Kwenye kadi zangu kuna hali nne: "Imezimwa", "Inavuta", "Tenki limejaa", na ile muhimu kuliko zote, "Inazunguka, maji hayapandi". Hiyo ya nne ikitokea kwa dakika kumi, mfumo uzime pampu wenyewe na kadi ibaki na maandishi hayo mpaka mtu ayaone. Mota ikizunguka kavu inaungua, na mota ni hela.

Sasa saa. Kwenye mipangilio utakuta saa 18:30, na mzee wa nyumba ataiona ngeni. Kwa maonyesho hesabu ni rahisi: chukua saa ya mfumo, ongeza 6, gawa kwa 12, baki ndiyo saa yetu, na baki ikiwa sifuri andika 12. Saa 7 ya mfumo inakuwa saa 1 asubuhi, 18 inakuwa saa 12 jioni. Kwa kuchagua, mpe orodha: "saa 12 na nusu jioni", "saa 1 usiku", "jua likizama". Hiyo ya mwisho ndiyo watu hubaki nayo, kwa kuwa mfumo unajua jua linazama lini hapa Mwanza kila siku.

Kuhusu kumruhusu mtu abadilishe mwenyewe: kwenye Home Assistant, asiye msimamizi hahariri dashibodi, na mimi naona ni sawa, maana kadi ikifutika usiku watakupigia simu usiku huohuo. Badala yake mtengenezee ukurasa wa "Napenda hivi" wenye swichi za kuonyesha au kuficha: LUKU, kamera, hali ya hewa. Kila kadi iwekee sharti la kuonekana pale swichi yake ikiwa imewashwa. Anayeishi karibu na ziwa huongezewa kitufe kikubwa cha "Zima taa zote za nje", kwa ajili ya zile jioni wadudu wa ziwani wanapokuja kama wingu na kujaa barazani. Geti na pampu havifichiki, na geti liulize "Una hakika?" kabla ya kufunguka.

Vitufe viwe vikubwa, upana wa milimita 9 ni wa chini kabisa, na kwa bibi nazidisha mara mbili. Rangi pekee isibebe habari: wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani, kwa hiyo neno liandikwe pia. Kishikwambi usikipachike kwenye ukuta unaotazama ziwa upande wa magharibi, jua la alasiri likigonga maji huoni kitu. Na swichi za ukutani ziache zifanye kazi. Mtu aliyekuwa anaparua sato ana vidole vimelowa, kioo hakimsikii.

Ukimaliza, mpe kila mmoja kazi moja, "zima taa ya uani", kisha nyamaza kabisa. Usinyooshe kidole. Akisitasita mahali, hapo ndipo pa kurekebisha, jina au nafasi ya kitufe. Rudi baada ya wiki chache uulize kadi ipi haijaguswa, uiondoe. Anwani ya mfumo na jina la msimamizi viandike kwenye karatasi, bandika ndani ya mlango wa meni swichi, ili fundi mwingine akiitwa asianze upya.